Kombora la kuongozwa si risasi ya masafa marefu

Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala mliyoichapisha kuhusu ubunifu wa silaha katika michezo ya kuigiza wahusika mezani, ile yenye mandhari ya bunilizi ya kisayansi, na kwa sehemu kubwa nakubaliana na mwandishi wake. Hata hivyo, alipofika kwenye makombora ya kuongozwa aliyamaliza kwa sentensi mbili tu: kwamba kombora lichukuliwe kuwa bunduki yenye masafa marefu zaidi na dadu nyingi zaidi za madhara, na kwamba mengine yote ni mapambo. Naandika kuipinga kauli hiyo, kwa sababu inafuta jambo lenye thamani kuliko yote ambayo silaha hii inaweza kuyaleta mezani, nalo ni ule muda unaopita kati ya kufyatuliwa kwa kombora na kufika kwake.

Nalisema hili kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Katika kanuni za kwanza nilizotunga, kombora lilikuwa mstari mmoja kwenye jedwali la silaha, likifuatwa na masafa, namba ya kulenga na idadi ya dadu. Mchezaji mmoja wa kundi letu alikuwa ametumia majuma kadhaa kumjenga mhusika wake, rubani wa chombo kidogo cha anga mwenye historia, madeni na ndugu aliyekuwa akimtafuta. Adui alifyatua kutoka kilomita 1,000, nikarusha dadu mara moja, namba ikatimia, na chombo kikasambaratika. Yule mchezaji hakulalamika kwamba mhusika wake amekufa. Aliniuliza swali moja tu: wakati kombora linakuja, yeye alikuwa anafanya nini? Sikuwa na jibu, kwa sababu kanuni zangu hazikuwa na "wakati kombora linakuja". Kulikuwa na kabla, na kulikuwa na baada.

Makombora halisi hayajawahi kuwa hivyo tangu siku zake za mwanzo. Tarehe 9 Septemba 1943 ndege za Ujerumani ziliizamisha manowari ya Italia, Roma, kwa bomu la kuongozwa lililoitwa Fritz X, na mtu aliyeliongoza alikuwa bado yumo ndani ya ndege iliyoliangusha, akiufuata kwa macho mwanga uliowaka mkiani mwa bomu na kulisahihisha kwa redio kwa kutumia kijiti cha mkononi. Ndege ilibidi iendelee na safari yake juu ya eneo lile lile ili mwongozaji asipoteze kulenga. Haukupita muda mrefu kabla ya Washirika, yaani mataifa yaliyopigana na Ujerumani, kuanza kufunga mitambo ya kuyavuruga mawimbi hayo ya redio. Hapo tayari tuna watu watatu wenye kazi: mwongozaji, rubani aliyefungwa na kazi ya mwongozaji, na fundi wa redio upande wa pili anayejaribu kuukata uzi usioonekana kati ya mkono na bomu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni kombora la Kisovieti la kupambana na vifaru lililoitwa Malyutka, lililotumiwa sana katika vita vya Oktoba 1973 kati ya Israeli na nchi za Kiarabu. Lilikwenda kwa takriban mita 120 kwa sekunde na kufika kilomita 3, maana yake ni kwamba kwa masafa yake ya mwisho lilichukua kama sekunde 25 hewani. Muda wote huo lilikuwa likitandaza waya mwembamba nyuma yake, na mwongozaji alikuwa amelala chini, kijiti mkononi na jicho kwenye darubini, akilipeleka juu, chini, kushoto na kulia. Kwa mita 500 za mwanzo kombora lilikuwa halijashikika vizuri, hivyo aliyekuwa karibu mno alikuwa salama kuliko aliyekuwa mbali kiasi. Wanajeshi wa Israeli walijifunza haraka kwamba dawa yake ni kupiga kule kombora lilikotokea, hata bila kumwona mtu, kwa sababu mwongozaji akishtuka kwa sekunde moja tu, kombora linachimba mchanga. Kwa upande wake, yeye aliweza kujificha hadi mita 15 kutoka kwenye kifaa cha kufyatulia, ili wanaopiga moshi wa kufyatulia wapige mahali pasipo na mtu.

Nawaomba wabunifu wenzangu waitazame aya hiyo kama tukio la mezani. Mchezaji aliyefyatua amefungwa: hawezi kukimbia, hawezi kupakia, hawezi kumsaidia mwenzake aliyejeruhiwa, na kila zamu msimamizi wa mchezo anamwuliza kama anaendelea kulishika kombora au analiacha. Waliolengwa nao wana chaguo la kukimbia, kusogea karibu hadi ndani ya zile mita 500, au kumwaga risasi kwenye kichaka kinachotoa moshi. Hakuna hata mmoja anayesubiri dadu ya mtu mwingine. Ukiliandika kombora hilo kama bunduki yenye dadu sita za madhara, umevitupa vyote hivyo na kubaki na namba.

Ndiyo maana nashikilia kwamba swali la kwanza kwa mbunifu ni jicho la kombora, yaani linaona kwa nini na nani analisaidia kuona. Nguvu ya mlipuko ije baadaye. Kombora la waya au la redio linamfunga mfyatuaji. Kombora linalofuata mwangwi wa rada ya chombo kilichofyatua linakilazimisha chombo hicho kiendelee kummulika adui, na kwa kufanya hivyo kijitangaze kilipo. Kombora lenye rada yake lenyewe linamwacha mfyatuaji huru, lakini likishaiwasha tu, aliyelengwa anajua kwamba anatafutwa. Kombora la kufuata joto halitangazi chochote, na kwa hiyo ndilo la kutisha zaidi mezani, ila nalo lina udhaifu wake. Sidewinder ya Marekani, iliyopata mafanikio yake ya kwanza katika majaribio mwaka 1953 na kutumiwa vitani kwa mara ya kwanza Septemba 1958, katika miaka yake ya mwanzo ilibidi ifyatuliwe kutoka nyuma ya ndege ya adui, kwa sababu iliona bomba la moto la injini na si kingine, na jua lingeweza kuivuta likiingia ndani ya upeo wake. Mbunifu akiona udhaifu huo kama kasoro ya kuondolewa kwa sababu hadithi yake ni ya miaka 300 ijayo, atakuwa ametupa nusu ya mchezo. Rubani anayekata shauri kukigeuza chombo chake ili nyota iwe mgongoni mwake, moja kwa moja machoni mwa kombora, anafanya jambo ambalo kila mtu mezani analielewa bila kufungua kitabu cha kanuni.

Kuhusu namna kombora linavyofuata, nako kuna kanuni moja ambayo mabaharia waliijua kabla ya makombora kuwapo: ukiona chombo kingine kinakukaribia na pembe unayokionea haibadiliki, mtagongana. Makombora mengi hutumia kanuni hiyo kwa makusudi. Kombora la namna hiyo halielekezi pua mahali shabaha ilipo sasa. Hupima jinsi mstari kati yake na shabaha unavyozunguka, kisha hujipinda kwa uwiano na mzunguko huo mpaka mstari utulie. Kwa mchezo, hili lina maana nyepesi na nzuri: anayekwenda mwendo ulionyooka analifanyia kombora kazi yake, na anayebadili mwendo analilazimisha kulipa. Linalipa kwa kitu gani? Kwa mafuta, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu katika anga tupu, pasipo na hewa ya kuegemeza mabawa, mafuta ndiyo kila kitu.

Tuchukue kombora la kilo 100 lenye injini inayotoa gesi yake kwa kilomita 3 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa injini za kemikali. Kwa mlinganyo wa roketi ambao mwanasayansi wa Kirusi Konstantin Tsiolkovsky aliuchapisha mwaka 1903, kombora hilo likitaka kujipatia jumla ya kilomita 6 kwa sekunde, ni lazima uzito wake wa kuanzia uwe mara 7.4 ya uzito unaobaki. Kati ya kilo 100, basi, kilo 13 na nusu tu ndizo jicho, ubongo, chuma na mlipuko, na zilizobaki zote ni mafuta. Sasa shabaha iko kilomita 1,000. Tuseme kombora linaongeza kasi kwa mita 100 kwa sekunde kila sekunde, karibu mara kumi ya mvuto wa Dunia. Likichoma kila kitu mwanzoni, injini itazimika baada ya sekunde 60, likiwa limekwenda kilomita 180, na kilomita 820 zilizobaki litazipita kwa sekunde 137, bila tone la mafuta, kama jiwe. Chombo kinacholengwa, hata kiwe kizito kiasi kwamba kinaongeza kasi kwa mita 5 tu kwa sekunde kila sekunde, kikianza kukwepa pale injini ya kombora inapozimika, kitakuwa kimehama karibu kilomita 47 wakati kombora linapopita. Kilomita 47! Hakuna mlipuko wa kuziba pengo hilo.

Lakini mfyatuaji akilipanga kombora lake lichome sekunde 50 tu na kuweka akiba ya mafuta ya kutosha kubadili kasi kwa kilomita 1 kwa sekunde, mambo yanabadilika. Litafika kwa jumla ya sekunde 225 badala ya 197, yaani karibu nusu dakika baadaye, na katika sekunde 175 za kuteleza chombo kile kile kitaweza kujipatia kasi ya pembeni ya mita 875 kwa sekunde. Akiba inatosha, kwa tundu la sindano. Wabunifu wenzangu wataona mara moja kilichotokea: tumepata uamuzi wa kweli. Wahi na ufike kama jiwe, au chelewa na ufike ukiwa bado na uwezo wa kugeuka. Hakuna jibu moja lililo sahihi siku zote, kwa kuwa inategemea unadhani adui amebakiwa na mafuta kiasi gani na atashtuka lini. Bunduki haikupi swali hilo kamwe. Leza haikupi pia, kwani kwa kilomita 1,000 mwanga unafika kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla mtu hajapepesa jicho.

Kuhusu mlipuko sitasema mengi. Kitu chochote kinachokwenda kilomita 3 kwa sekunde kina nishati ya mwendo ya megajuli 4.5 kwa kila kilo, kiasi kinachozidi kidogo nishati ya kilo moja ya baruti ya TNT. Kombora letu la kilomita 5 kwa sekunde lina karibu mara tatu ya hiyo. Likigonga, limegonga, na mbunifu anayejaza kurasa kwa aina kumi na mbili za baruti kwa ajili ya vita vya anga anajisumbua bure. Kazi pekee ya maana ya baruti hapo ni kulipasua kombora kabla halijafika ili vipande vyake vitawanyike na kuongeza nafasi ya kugusa.

Chambo, yaani kitu kinachotupwa ili kulidanganya jicho la kombora, ndilo jambo ninaloona limepuuzwa zaidi. Karibu kila kitabu cha kanuni nilichokifungua kinampa mchezaji chambo kama nyongeza ya namba kwenye kukwepa: toa chambo, ongeza mbili. Baharini na hewani chambo cha vipande vya metali au cha moto kimeokoa vyombo vingi, lakini katika anga tupu kina mtihani mgumu zaidi. Nyuma yake kuna giza lenye joto la takriban kelvini 2.7, yaani nyuzi 270 hivi za Selsiasi chini ya sifuri, kwa hiyo kila kitu chenye moto kinaonekana, na jicho la kombora lina dakika nzima za kutazama. Chambo kinaweza kung'aa kama chombo, lakini je, kinaweza kwenda kama chombo? Chombo kikiwasha injini, chambo kisicho na injini kinabaki nyuma na uongo wake unafichuka hapo hapo. Maana yake ni kwamba chambo hufanya kazi kwa rubani anayekubali kuzima injini yake na kuteleza pamoja nacho, akiwa amekata tumaini la kukwepa kwa ajili ya tumaini la kutotambuliwa. Sijui uamuzi mwingine wa mezani unaowanyamazisha wachezaji kama huo. Nimeona mtu akishika mkono wa jirani yake.

Kuna pia suala la mikupuo, yaani makombora mengi yanayofika kwa pamoja. Kanuni nyingi humpa mlinzi asilimia ya kuangusha kila kombora, na matokeo yake ni kwamba makombora ishirini yanakuwa urushaji dadu wa mara ishirini. Wayne Hughes, afisa wa jeshi la majini la Marekani, mwaka 1986 alichapisha mlinganyo rahisi wa mapigano ya mikupuo ambao kiini chake ni kutoa: chukua makombora yanayokuja vizuri, toa yale ambayo mlinzi anaweza kuyazuia, yaliyobaki ndiyo yanayopiga. Chombo kinachoweza kuzuia manne kwa zamu kikipelekewa manne, hakuna kinachotokea. Kikipelekewa sita, mawili yanaingia. Hesabu hiyo inafanyika kichwani, na inaeleza bila hotuba kwa nini adui alikuwa anajizuia kufyatua kwa zamu tatu: alikuwa anasubiri wenzake wafike ili mkupuo uwe mmoja.

Najua pingamizi litakalofuata, kwamba haya yote ni uhasibu na kwamba wachezaji wamekuja kuigiza, si kupiga hesabu. Pingamizi hilo ni la haki, na mimi mwenyewe nimewahi kutunga kanuni zilizohitaji jedwali la logi, zikafa usiku mmoja. Lakini mchezo wa Traveller, uliotoka mwaka 1977, ulikuwa na vyombo vinavyosogea kwa vekta, yaani mistari ya kasi na upande, zilizopimwa juu ya meza, na watu waliucheza. Hesabu nilizozionyesha hapo juu ni za mbunifu, azifanye mara moja nyumbani kwake. Mchezaji apokee namba tatu tu: kombora linafika baada ya zamu ngapi, lina akiba kiasi gani, na jicho lake ni la aina gani.

Sisi hufanya hivi. Zamu moja ni dakika moja. Kombora ni kifungo cha shati kilichowekwa mezani, na kila zamu kinasogezwa hatua moja kuelekea kwenye chombo, kwa hiyo lile kombora la sekunde 225 linafika zamu ya nne na kila mtu analiona likija. Kila zamu mfyatuaji na rubani wanaficha kokoto ngumini: rubani mafuta anayochoma kukwepa, mfyatuaji akiba anayokubali kuitumia kumfuata. Wanafungua ngumi pamoja. Rubani akizidi, kombora linapoteza sehemu ya kulenga kwake, na mfyatuaji akizidi amepoteza akiba bure. Wakati huo huo mhandisi anaamua kama atazima injini ili chambo kifanye kazi, jambo linalomnyima rubani kokoto za zamu hiyo, na hapo ndipo ugomvi wa kweli kati ya wahusika unapoanza, bila msimamizi kuuchochea. Dadu inarushwa mara moja tu, mwishoni, na kufikia hapo kila mtu anajua kwa nini namba inayotakiwa ni ile. Yule mchezaji niliyemtaja mwanzoni alipoteza chombo chake cha pili kwa njia hii, na alitusimulia mwenyewe, hatua kwa hatua, mahali alipokosea: alichoma kokoto tatu zamu ya kwanza kwa hofu, wakati kombora lilikuwa bado mbali na lingeweza kumfuata kwa kokoto moja.

Limebaki jambo moja ambalo bado tunalihangaikia, na ningefurahi kama wasomaji wengine wa ukurasa huu wangeandika jinsi wanavyolishughulikia. Kombora lililokosa halianguki. Katika anga tupu hakuna cha kulipunguza mwendo, na kwa kilomita 5 kwa sekunde litakuwa limekwenda kilomita 432,000 kufikia saa ile ile kesho yake, zaidi ya umbali wa kutoka Dunia hadi Mwezi. Kwa sasa tunakiacha kifungo ukingoni mwa meza, na msimamizi anaandika kwenye daftari kilielekea upande gani na saa ngapi. Tuna vifungo vitano ukingoni. Wachezaji wameanza kuuliza, kabla ya kukubali kazi yoyote ya usafirishaji, kama njia inakatiza mojawapo ya mistari ile.

Wako,
Msomaji na mtunzi wa michezo ya mezani